Jinsi ya Kuunguza Amplifaya Merti: Mwongozo kwa Mwenye Mita Mpya

Utakapofika Merti na mita mpya mfukoni, usiifiche. Mji si mkubwa, na habari za mtu anayepima huenea upesi. Hata kabla hujauliza pa kulala utakuwa umeletewa chaja, betri ya pikipiki, redio iliyonyamaza tangu mvua zilizopita na, kwa kuwa harusi haiko mbali, spika mbili za besi ambazo bado zina vumbi la barabara ya Isiolo. Anza na spika. Hakuna chombo kinachomvunjia heshima mwenye mita mpya haraka kama spika, na mwongozo huu umeandikwa ili heshima hiyo ivunjike kwa utaratibu.

Zungusha kitufe hadi alama ya omu, kwenye 200. Gusa mguu mmoja wa spika kwa ncha nyekundu, mwingine kwa nyeusi. Nyuma ya sumaku kumeandikwa omu 8. Kioo cha mita kinasoma 6.1. Sasa inua uso, mtazame mwenye spika kwa huruma, kisha utamke:

“Hajji, umeuziwa feki.”

“Fundi, si imeandikwa nane?”

“Kuandika hata mimi naweza. Mita inasema sita.”

Hajji atakuamini, maana wewe ndiye mwenye mita. Spika zitafungwa kwenye gunia, zipande lori hadi Isiolo, zaidi ya kilomita 200 za vumbi na mashimo, zihamishiwe basi la Nairobi na kurudishwa kwa muuzaji wake Luthuli Avenue. Muuzaji hatabishana sana, atatuma nyingine. Utaipima nayo itasoma 6.2. Usikate tamaa. Ukiendelea kurudisha hivyo hivyo utarudisha kila spika nzuri iliyopata kutengenezwa, kwa sababu ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi kwenye mita ya namna hiyo, ya omu 4 husoma 3 na ushei, na ya omu 16 husoma 11 hadi 13.

Mita haijadanganya. Ndani yake mna betri ndogo inayosukuma umeme wa upande mmoja, uliotulia, na kinachopimwa ni ukinzani wa shaba ya koili: urefu wa waya, unene wake, basi. Ndiyo hesabu aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827, na haijazeeka. Ila amplifaya haitoi umeme uliotulia. Inatoa umeme wa kwenda na kurudi: mara 50 au 60 kwa sekunde ngoma inapodunda, mara mia kadhaa mtu anapohutubia, maelfu katika herufi s na katika vigelegele. Umeme wa namna hiyo, ukiingia kwenye koili, unakuta shaba na unakuta mengine mawili. Koili iliyosukwa hukataa kubadilishiwa mkondo ghafla, na kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka ndivyo inavyozidi kukataa. Halafu, ikicheza ndani ya sumaku, inageuka jenereta: inazalisha volti zake yenyewe na kuzirudisha kule umeme ulikotoka. Upinzani wote huo ukiunganishwa ndio impidansi, jina ambalo Mwingereza Oliver Heaviside alilitoa mwaka 1886, na omu 8 za nyuma ya sumaku ni za impidansi. Mita yako imepima kwenye mizunguko sifuri kwa sekunde. Huko hakuna anayeimba.

Mnunuzi wa mifugo Merti haulizi bei ya fahali aliyelala. Humgusa kwa fimbo asimame, atembee hatua kadhaa, aonekane kama anachechemea. Wewe umempima akiwa amelala, kisha ukamshtaki mwenye fahali.

Kama bado una shaka kuhusu hiyo jenereta, jaribu hili, halina gharama. Acha ncha za mita zikiwa zimeshika miguu ya spika, weka vidole viwili kwenye karatasi yake, sukuma taratibu, achilia. Namba zitaruka: 6.1, 9, 3, pengine alama ya kutoa itokee mbele, halafu zirudi pale pale. Omu hazijabadilika. Ni koili iliyosogea ndani ya sumaku ikazalisha sehemu chache za elfu za volti, na kwa kuwa volti ambazo mita inazitafuta ni ndogo vivyo hivyo, mita imechanganyikiwa. Besi kubwa iliyolazwa nje chali, upepo wa alasiri ukipiga, inaweza kufanya vivyo hivyo bila kuguswa. Kwa fundi anayetaka kuonekana ana siri, hapa kuna utajiri: watazamaji wataapa kwamba spika imefufuka.

Na usisahau joto. Shaba huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 4 kila nyuzi joto 10 zinapoongezeka, hivyo spika iliyosoma 6.1 asubuhi kwenye nyuzi 25 itasoma 6.4 alasiri kwenye nyuzi 38, na Merti nyuzi 38 si habari ya kumwandikia mtu barua. Koili iliyokesha ikipiga muziki hupanda hata kupita nyuzi 150. Ukiwahi kuipima papo hapo, muziki umezimwa sasa hivi, utakuta omu 9 zikishuka mbele ya macho yako: 8.8, 8.5, 8.1. Ile feki imekuwa halisi, ikakaa katika uhalisi wake kwa muda mfupi, ikarudi kuwa feki. Joto hilo hilo ndilo sababu ya spika kuonekana kama imechoka usiku wa manane. Ukinzani ukipanda kwa nusu, volti zile zile zinapitisha mkondo pungufu, mpiga muziki anaongeza sauti, koili inazidi kuchemka. Harufu ya gundi inayoungua ikifika kwa wapishi, umechelewa.

Sasa hiyo omu 8 yenyewe. Usidhani ni namba moja iliyokaa mahali pamoja. Pima besi ya kawaida ya omu 8 kuanzia chini kwenda juu na utaona inapanda mlima: pale ambapo karatasi inapenda kutikisika yenyewe, tuseme mizunguko 50 au 60, impidansi inaweza kufika omu 30 au 40. Inashuka upande wa pili hadi bondeni, karibu na mizunguko 200 au 300, ikikaribia ile ya shaba bila kuifikia, halafu inapanda tena polepole kuelekea sauti nyembamba. Watengenezaji walihitaji jina moja la mlima na bonde pamoja. Viwango vya kimataifa vya IEC vikawawekea sharti dogo: bonde lisizame chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa. Kwa spika ya omu 8, hiyo ni 6.4. Huko juu mlima uwe na urefu wowote, hakuna askari.

Kitu hiki ukijua nusu yake ni hatari kuliko kutokijua. Fundi aliyekwisha kuambiwa kwamba mita husoma pungufu anakuwa jasiri. Harusi imepata spika nne za omu 8, amplifaya ni moja, na nyuma yake kumeandikwa wazi kwamba isipewe chini ya omu 4. Anaziunga zote nne sambamba, anapima, mita inasoma 1.5. “Mita hupima shaba tu,” anasema kwa sauti ya mwalimu. “Muziki ukianza itapanda.” Kweli itapanda, kwenye mlima. Bondeni, ambako sauti nyingi za waimbaji zinakaa, spika nne zenye omu 6.5 kila moja, zikiwa sambamba, ni omu 1.6, na amplifaya inaungua kwa yale ya bondeni. Kama unataka kuiunguza upesi zaidi, chukua ile yenye swichi ya kuunganisha pande mbili kuwa moja, ambayo vijana wa malori ya kampeni wanaipenda kwa sababu ya wati zake. Hapo kila upande unaona nusu ya impidansi uliyoweka, na omu 4 za nje ni omu 2 za ndani. Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Watakuja wengi.

Mlio wa mita ni mtego mwingine, tena mtamu. Mita nyingi zina alama ya kupiga “pii” waya ukiwa mzima. Zinapiga pii kwa chochote kilicho chini ya omu 30 au 50 hivi, na spika zote za nyumbani ziko humo. Mwenye mita mpya anasikia pii, anatangaza “hii imepiga shoti”, anachukua bisibisi. Kisha anageukia twita, ile ndogo ya sauti nyembamba. Mita haipigi pii, kioo kinaonyesha kwamba njia imekatika. “Na hii imekufa.” Twita ni nzima. Mbele yake kuna kapasita iliyowekwa makusudi kuzuia umeme wa chini usiivunje, na umeme wa betri ndio wa chini kuliko wote, kwa hiyo haupiti hata kidogo. Kwa kazi ya dakika tano amevunja spika nzuri kwa kuwa ililia na kutupa nzuri nyingine kwa kuwa ilinyamaza. Boksi lenye besi na twita pamoja nalo halimsaidii: mita inaiona besi peke yake, na kama twita imekatika kweli hataijua kamwe.

Tuingie msikitini. Vua viatu, acha na ujuzi wako mlangoni, maana honi zile za juu ya mnara zina sheria zao.

Honi ina kiini kidogo nyuma, mara nyingi cha omu 8 au 16. Zile za mbali huwekewa pia transfoma, ili amplifaya itume volti nyingi na mkondo kidogo kwenye waya mrefu, kwa mtindo wa volti 100. Honi iliyowekwa kwenye wati 30 inaonekana na amplifaya kama omu 333: mia mara mia, gawanya kwa thelathini. Ipime kwa mita na utasoma makumi machache tu ya omu, kwa sababu umepima shaba ya transfoma. Kiini kitupu cha omu 16 jirani yake kinasoma 12. Mwenye mita anatazama 12, anatazama 25, anaona ni ndugu, anaziunga zote kwenye tundu lililoandikwa 100V.

Kile kiini kitupu, kwenye volti 100, kinadai wati 625. Amplifaya ya msikiti ina 60. Watakaokuwa karibu watasikia mlio mmoja mkubwa, halafu swala itaswaliwa kwa sauti ya kawaida, kama zamani, jambo ambalo binafsi silioni kuwa msiba.

“Sasa fundi, tuongeze honi upande wa kisima. Omu zake ngapi?”

“Maalim, kwa hizi za transfoma usihesabu omu. Hesabu wati. Ziko mbili za thelathini?”

“Mbili. Na ile ndogo ya kumi na tano.”

“Sabini na tano. Amplifaya ni ya sitini. Ishushe moja hadi kumi na tano, zitakuwa sitini kamili, na mimi ningeacha nafasi kidogo juu yake.”

Huyo fundi usimwige, hutaunguza kitu. Ukitaka kuunguza, zikodishe honi hizo kwa harusi na uzipigie muziki wa besi nzito. Transfoma hupinga umeme wa kwenda na kurudi kwa sababu unageuka haraka. Mizunguko ikishuka sana upinzani nao unashuka, chuma cha ndani kinashindwa kubeba, na amplifaya inaanza kuiona ile shaba ambayo mita yako iliiona. Hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo mita ya betri inaweza kukutabiria yajayo.

Waya nao wana maoni. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, ule mwembamba mwekundu na mweusi, una omu 0.034 kwa kila mita moja ya urefu. Weka boksi la omu 8 umbali wa mita 50 kutoka kwenye amplifaya, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, umeongeza mita 100, yaani omu 3.4. Kati ya kila wati 10 zinazotoka, 3 zinapasha moto waya uliolala mchangani. Waya wa bei nafuu zaidi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na hapo hasara ni kubwa zaidi. Huu ni ukinzani mtupu, na mita yako inaupima vizuri kabisa. Ni kazi iliyozaliwa nayo, lakini sijaona mtu akiitumia kwa hilo.

Kwa mkaidi ambaye, baada ya yote haya, bado anataka kujua ukweli, njia ipo na si ya gharama. Tafuta rizista ya omu 10, ya wati kadhaa ili isichemke. Iunge kwa mfululizo na spika, moja nyuma ya nyingine, kwenye amplifaya ndogo. Weka kwenye simu programu inayotoa sauti ya mizunguko unayoitaka, kwa sauti ya chini, volti moja hivi. Geuza mita kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi. Pima volti zilizo kwenye spika, kisha zilizo kwenye rizista. Mkondo ni ule ule katika zote mbili, kwa hiyo volti za spika gawanya kwa volti za rizista, zidisha kwa 10, na hiyo ndiyo impidansi kwenye mizunguko hiyo. Kwenye 300 ukikuta 0.35 na 0.50, ni omu 7. Kwenye 55 ukikuta 0.80 na 0.25, ni omu 32. Chora kwenye karatasi, mlima utajitokeza.

Mitego miwili imebaki. Mita za bei ndogo husema kweli kwenye umeme wa kwenda na kurudi hadi mizunguko 400 hivi. Juu ya hapo zinaanza kubahatisha, na wewe utadhani ni spika. Bahati nzuri ni kwamba mlima na bonde vyote viko chini ya hapo. Mtego wa pili humchanganya hata mhasibu. Kwenye mteremko wa mlima utapima rizista upate 0.40, spika upate 0.60, halafu upime zote mbili kwa pamoja upate 0.92. Jumla ingekuwa 1.00. Hakuna aliyeiba. Volti za spika na za rizista hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, moja inatangulia au inachelewa, na vilele visivyokutana havijumlishwi kwa vidole. Kipimo cha omu 15 ulichokipata ni sahihi. Hesabu ya jumla ndiyo haikuhusika.

Fanya kazi hiyo mchana, na ukiweza ifanye kwa betri ya sola. Kwa miaka mingi umeme wa Merti umetoka kwa jenereta za dizeli za mji wenyewe, zikisaidiwa na paneli za jua, nje ya gridi ya taifa, na taa za jioni zikianza kuwaka volti za ukutani zinaweza kuyumba katikati ya vipimo vyako. Pima spika na rizista bila kukaa katikati, ili zote mbili zipimwe kwenye hali moja. Kabla ya yote, gusanisha ncha za mita zenyewe usome waya zake zina omu ngapi, 0.2 au 0.4, uzitoe kwenye kila kipimo cha shaba. Katika spika ya omu 4 hilo ni jambo kubwa.

Ukimaliza, chukua kalamu ya wino mzito uandike nyuma ya sumaku: shaba 6.1, bonde 6.9 kwenye 280, mlima 34 kwenye 55. Acha na ile 8 ya kiwandani ilivyo. Siku Hajji akitaka kuiuza, mnunuzi ataisoma yote, atauliza ipi ndiyo ya kweli, ataambiwa zote, kisha ataomba apunguziwe bei kwa kila namba iliyo chini ya nane.